Mahali Pangu

Wiki iliyopita umeme ulikatika Kikuubo mchana kweupe. Wewe unayeijua Kikuubo, rafiki yangu, unajua maana yake. Pale kila duka lina spika mlangoni, kila spika inatangaza bidhaa zake, na katikati yake wapo wapagazi wanaopiga kelele wapishwe, na bodaboda zinazojipenyeza pale ambapo hata paka angesita. Nimeuza sabuni na mafuta ya kupikia ndani ya kelele hizo kwa miaka mingi, hata nimefika mahali sizisikii tena. Basi umeme ukakatika, spika zote zikanyamaza kwa pamoja, na kabla jenereta hazijaanza kunguruma mtaa mzima ukawa kimya. Nikamsikia mwanamke wa duka la pili akikohoa. Na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikajikuta nimeshika meza na machozi yananilengalenga, kwa sababu kimya kile nilikijua. Kilikuwa kimya cha chumba cha nyuma, nyumbani kwa Bibi.

Nikueleze tangu mwanzo. Nililelewa na bibi mzaa baba. Mama aliachika nikiwa mdogo, akarudi kwao Mbale, na Baba alikuwa mtu wa dukani, anatoka alfajiri na kurudi magharibi. Nyumba yetu ilikuwa mteremkoni, mwendo mfupi kutoka madukani, nyumba ya kuta nene na paa la bati ambalo makorongo wakubwa wa Kampala, wale wenye vipara, walilifanya uwanja wao wa matembezi. Asubuhi ulisikia kwanza adhana, kisha makorongo juu ya bati, kisha Bibi akiwatukana makorongo. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa yetu ya ukutani.

Babu zake Bibi walikuja huku na misafara ya biashara kutoka pwani, wakaoa, wakazaa, wakabaki. Yeye mwenyewe hakupata kuiona bahari hata siku moja, lakini alivyokuwa akiisimulia ungedhani kaiacha juzi. Sokoni Nakasero alizigonga nazi moja moja na kuzitikisa sikioni, muuzaji akimkodolea macho, kisha anasema, "Hizi zimezeekea njiani," na ananunua vilevile. Kazi yangu ilikuwa kuzikuna. Yeye aliloweka mchele, akautwanga, akaweka iliki na hamira, na ukifika wakati wa vitumbua sigiri mbili zinawaka uani na harufu inapanda mpaka kwa majirani. Sijala kitumbua kingine cha namna ile. Nimejaribu kuvipika mwenyewe. Vinatoka vizuri, ila si vile.

Na Kiswahili chake! Kampala hii, kama unavyojua, watu huchanganya l na r kama choroko na mchele, na neno lolote lile hupewa "yangu" na "yake" bila kujali. Bibi hakulivumilia jambo hilo hata kidogo. Maalim wetu wa chuo, Mganda mcha Mungu aliyetufundisha Kurani sisi wote, alikuwa akisema "sara" na "Lamadhani", na Bibi alimsahihisha mbele ya wanafunzi wake bila haya: "Maalim, ulimi wako umeota mfupa?" Maskini Maalim alicheka na kurudia, akakosea tena. Sisi wajukuu tukisema "mahali yangu" kama wenzetu wa mtaani, tulinyimwa kitumbua mpaka tuseme "mahali pangu". Nilijifunza haraka, kwa sababu nilipenda kula.

Sasa chumba cha nyuma. Kilikuwa chumba kidogo chenye kidirisha juu karibu na dari, mkeka, msahafu juu ya marfaa, na chetezo kilichonuka ubani hata kikiwa baridi. Kwetu hatukusema fulani anasali istikhara au fulani amejitenga kwa ibada. Tulisema: amefunga mlango. Likitokea jambo zito, la kuhama, la kuoza binti, la kupatana na ndugu, Bibi hakukubali liamuliwe kwenye chai. "Dunia ina sauti kubwa," alikuwa akisema, "na Mungu hashindani nayo. Nenda ukafunge mlango." Basi mwenye jambo anaingia na tasbihi yake na jagi la maji. Redio inazimwa nyumba nzima. Haletewi habari, hatembelewi, hapewi hata kioo. Chakula chake ni mhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Kinawekwa mlangoni, na anayekileta anaondoka bila neno. Kazi yake ni kusali, kusoma na kunyamaza, mpaka aache kulitazama jambo kwa jicho lake mwenyewe na aanze kulitazama kwa jicho la aliyemuumba.

Nyumba yetu ilikuwa na kanuni mbili ambazo mpaka leo sijazikuta katika kitabu chochote cha dini. Ya kwanza: siku moyo ukishatulia, unasali rakaa mbili za istikhara, na ukitoa salamu, neno la kwanza litakalopenya mlango kutoka nje ndilo bishara yako. Ya pili: unafungua mlango, unalisema jibu lako mara moja mbele ya waliopo, unamaliza kwa "nimeridhika", basi. Hakuna wa kukuhoji, na wewe huruhusiwi kulirudia. "Jibu la Mungu halitafunwi mara mbili," ndivyo Bibi alivyosema.

Mara ya kwanza nilifunga mlango nikiwa darasa la pili, kwa ajili ya beberu. Baba alimnunua kwa ajili ya Idi, nami nikampenda, nikamlisha majani ya viazi, nikamwomba Bibi aniruhusu nikamuulize Mungu kama ni lazima achinjwe. Bibi hakucheka. Alinitandikia mkeka, akanifunga ushungi vizuri, akatoka. Nikasali nilivyojua, nikatega sikio, na neno la kwanza lililopenya lilikuwa la Baba kutoka uani: "Chumvi iko wapi?" Nilitoka nikilia. Lakini kanuni ni kanuni, kwa hiyo nikasema mbele ya wote, "Mungu anataka chumvi, nimeridhika." Watu walivunjika mbavu. Nikaitwa Bi Chumvi mpaka Idi ya pili. Bibi peke yake aliniita pembeni, akanipangusa machozi kwa pembe ya leso yake, akaniambia amefurahi kwa sababu nimelisema neno kama nilivyolisikia, sikulipinda kwa kumtaka beberu wangu. Nilimwamini. Niliamini kila kitu alichoniambia mwanamke yule.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa nesi wa hospitali ya Mulago, mwanamke wa kaskazini, Mkristo, aliyeolewa na polisi Mwislamu. Kiswahili chao kilikuwa cha kambini. Bibi alisema kinatembea na buti. Gauni lake jeupe alilianika kwenye kamba yetu kwa sababu kamba yao ilikuwa chini ya mti wenye ndege, na mimi ndiye niliyelianua mvua ikitaka kunyesha. Siku moja mafuta ya vitumbua yaliniruka mkononi. Akaja, akanisafisha, akanifunga, huku anamwambia Bibi juu ya kichwa changu: "Mama, hii mutoto hapana lia. Iko naangalia tu vile mimi nafanya. Hii ni nesi, mimi nakuambia." Bibi akasema, "Inshallah," kwa namna ambayo watu wazima husema inshallah kwa watoto. Mimi nililichukua kama ahadi.

Nikakua nalo. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa na matokeo ya kutosha, na jirani yetu alikuwa ameshanieleza shule ya wauguzi inataka nini. Kumbe Maalim naye alifahamiana na watu wa shule ile. Siku moja baada ya darsa aliniambia mbele ya wenzangu, "Wewe mwanangu, mimi nitakutafutia mahali." Sisi wa Kampala nafasi ya shule huiita hivyo, mahali, kwa sababu Kiganda husema hivyo. Niliondoka pale nikikimbia na ushungi mkononi.

Nyumbani Bibi hakukimbia. Alichagua mchele kwenye ungo muda mrefu bila kuinua macho. Kisha akasema nesi hushika wanaume asiowajua, hulala kazini, na hospitali ni dunia nzima imelazwa pamoja. Baba alitazama viatu vyake. Mbele ya mama yake Baba alikuwa mtoto siku zote. Nikabisha kwa adabu. Bibi akainua mkono. "Tusibishane, mjukuu wangu. Si wewe wala mimi mwenye kujua. Nenda ukafunge mlango."

Nilifurahi, unajua? Niliona nimeheshimiwa. Hii haikuwa tena habari ya beberu. Nilikuwa msichana mkubwa mwenye jambo kubwa, na nyumba nzima ilikuwa inanizimia redio. Sikujua kwamba wakati ule familia ya mwenye duka la jumla Kikuubo ilikuwa imeshakuja mara mbili kuniposa. Mimi niliingia na swali moja. Nje ya mlango kulikuwa na la pili, na hakuna aliyeniambia.

Siku za mwanzo hazikuwa ibada, zilikuwa vurugu. Kichwani mwangu kulikuwa na nyimbo za redio, maneno ya wenzangu, gauni jeupe kwenye kamba. Nilimpigia Mungu bei kama muuza nazi: nipe shule, nami nitafunga Jumatatu na Alhamisi, nipe shule, sitamjibu Bibi tena. Nilichoka kujisikia nikisema. Kisha, sijui ilikuwaje, maneno yakaniishia. Mwanga wa kile kidirisha ulikuwa ukitambaa mkekani kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili, na mimi nikawa nimekaa nikiutazama, tasbihi imelala mapajani. Sikuomba tena shule. Sikuomba kitu. Nilijiona mdogo, na udogo ule haukuniuma; nilijiona nimetazamwa na mtu asiye na haraka na mimi. Nikasema moyoni, ukitaka niende nitaenda, ukitaka nibaki nitabaki, na nilikuwa nasema kweli. Nakueleza haya kwa sababu usije ukadhani nilikuwa mtoto anayecheza. Mle ndani nilifika. Sijui nilifika wapi, lakini nilifika.

Siku ile baada ya Alasiri nikajua moyo umetulia. Nikasali rakaa zangu mbili, nikatoa salamu kulia na kushoto, nikakaa. Nje kulikuwa na nyayo. Nikasikia kikohozi cha Maalim, ninachokijua tangu alif kwa ujiti, na sauti yake, karibu kabisa, nyuma tu ya ubao:

"Bibi, alhamdulillahi. Mahali yake iko tayali. Yote. Hakuna kitu kimebakia, ni yeye tu kukubali."

Nilianguka sijida. Sikuwa nimeomba, nami nimepewa! Nakumbuka hata nilitabasamu, paji la uso likiwa mkekani, nikingoja Bibi amwambie Maalim ulimi wake umeota mfupa kwa ile "tayali". Bibi hakusema kitu. Nikadhani amezidiwa na shukrani kama mimi.

Nikafungua mlango. Mkeka mpya ulikuwa umetandikwa palepale kwenye korido, na juu yake wamekaa Bibi, Baba, Maalim, na mzee mmoja mwenye kanzu nzuri niliyemwona mara moja dukani. Sikujiuliza anafanya nini. Nilijua nitakachosema, nikakisema wazi, kwa Kiswahili nilichofundishwa:

"Nimejibiwa. Nimesikia mahali pangu pako tayari, nami nimeridhika."

Mzee wa kanzu akasema mashallah. Maalim akainua mikono, akatusomea Fatiha. Baba akajipangusa uso kwa kitambaa. Na Bibi alinitazama. Midomo yake ikachezacheza, kama ilivyokuwa inacheza kila alipotaka kumsahihisha mtoto, nikawa nangoja. Kisha akasema, "Alhamdulillahi."

Nikaenda jikoni nikala vitumbua. Nilikula vingi, nilikuwa na njaa ya siku za mhogo.

Kesho yake asubuhi vigelegele viliingia kabla ya wanawake wenyewe. Nikatoka nikicheka, nikishangaa kwamba habari ya shule inapigiwa vigelegele. Miongoni mwao alikuwapo kizee mmoja rafiki yake Bibi, mtu pekee katika Kampala nzima ambaye Bibi alikubali kwamba anajua Kiswahili. Akanishika kifundo cha mkono, akakipima kwa vidole vyake kama mtu anayetaka kununua bangili, akasema, "Mahari imepokelewa, mwari wetu. Mola akujaalie."

Mahari. Aliitoa ile r kamili, ikagonga nyuma ya meno. Masikio yangu yalikuwa yamelelewa na Bibi, hayangeweza kukosea.

Nilimkuta uani akipepea sigiri. Nikamwambia, "Bibi, mimi nilisema mahali."

"Ulisema umeridhika."

"Nilisema mahali pangu. Pangu, Bibi. Hakuna mahari pangu."

Aliendelea kupepea. Majivu yakaruka yakatua kwenye leso yake, asiyapanguse. "Umetamka mbele ya watu, kutoka chumba kile," akasema. "Halitafunwi mara mbili."

Maalim yule hajui l wala r, hajui pa wala ya. Kwake neno lilikuwa moja. Mgeni alikuwa mtu wa Kikuubo, alisikia alichokuja kukisikia. Baba sijui. Lakini Bibi! Nyumba nzima ile ilikuwa na mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kusikia nilichosema, na mtu huyo ndiye aliyenyamaza. Maisha yake yote hakuiacha l ya mtu ipite. Siku ile aliiacha ya Maalim, na akaiacha yangu.

Jirani alikuja kuniaga aliposikia. Tulisimama kwenye kamba ya nguo. Akaniambia siku ile baada ya Alasiri alileta ungo aliouazima, akamkuta Bibi mwenyewe anatandika mkeka mbele ya mlango wangu. "Mimi nauliza yeye, Mama, wageni itakaa hapa kwa njia? Sebule iko na nini? Akasema sebule iko nadekiwa. Mimi naangalia sebule, iko kavu." Akanitazama usoni. "Wewe kataa. Sema tu hapana. Afande wangu itasimama na wewe."

Utaniuliza kwa nini sikukataa. Wote huniuliza hivyo, wale wachache niliowaeleza. Baba ningemkatalia. Bibi, kwa uchungu niliokuwa nao, ningemkatalia pia, tena kwa sauti. Lakini nilikuwa nimesujudu kwa ajili ya neno lile. Kusema mbele ya watu kwamba halikuwa jibu kulikuwa ni kusema kwamba mle ndani hapakuwa na mtu, kwamba nilikuwa peke yangu na mwanga wa dirisha. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuweza kulisema hilo. Walijua siwezi. Imani yangu ndiyo waliyonifungia, na waliojua ukubwa wa imani ile ni wale walionilea nayo.

Basi nikaolewa. Mume wangu simlaumu, ni mtu mwema. Naye aliambiwa nimejibiwa na Mungu, akanioa kwa fahari. Miaka ilipopita nilimweleza yote. Akaniuliza kama nitakunywa chai, akaenda kuipika mwenyewe. Tangu siku ile hajarudia kuwaambia wageni kwamba mke wake alichaguliwa chumbani. Maalim pia nilimuuliza. Aliniambia Baba ndiye aliyemwomba aache habari za shule na abebe ujumbe wa posa, naye akaona kheri ni kheri. Nikamuuliza, lakini ulisema mahali. Akasema, "Ndiyo, mwanangu. Mahali. Yako." Akanitazama kwa upole, asielewe nalia nini. Nikamsamehe palepale. Ungemfanya nini mtu yule?

Bibi sikumuuliza tena kwa miaka mingi. Nilimpelekea sukari, nilimpelekea watoto wangu awabariki, tulipika pamoja siku za Idi. Tulikuwa na adabu nyingi kati yetu, kama majirani wapya. Kisha akaugua, akalazwa Mulago, na zamu ya mchana ikawa yangu. Nesi aliyekuwa akija kumgeuza alikuwa binti mdogo, mwembamba, mwenye kucha fupi safi. Alimgeuza kama mtu anayegeuza mtoto aliyelala. Bibi akafumba macho kwa raha. "Mkono mwepesi huu," akasema. "Mola amlipe kheri aliyemwacha mtoto huyu akasoma."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Nikangoja anitazame. Hakunitazama. Sijui kama alisahau kwamba nimeketi pale, au kama alisahau kila kitu, au kama hayo yalikuwa ndiyo maneno yake kwangu na ameshindwa kuyaelekeza. Binti alipoondoka nikamuuliza.

"Bibi, siku ile ulinisikia nilisema nini?"

"Ulisema mahali," akasema. L yake ilikuwa safi mpaka siku ile.

"Sasa kwa nini?"

"Nilifunga mlango kwa ajili yako kabla hujafunga wewe," akasema. "Sikupata neno. Nikarudia, sikupata neno. Wageni walikuwa wanangoja, watu wa heshima, na Mungu kanyamaza. Nikaogopa." Kisha akaomba maji.

Nilimpa maji. Nilitaka neno lingine, neno moja tu, la kuniomba radhi, nikaona halipo njiani. Alifariki baada ya siku chache. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha, na mikono yangu ilikuwa myepesi, kila mtu alisema. Nililia sana. Nilimlilia bibi yangu na nilijililia mimi, na mpaka leo vilio hivyo viwili sijavitenganisha.

Nyumba iliuzwa. Sasa pale pana jengo la maduka lenye ngazi za chuma, na pale palipokuwa chumba cha nyuma, nikipima kwa macho, ni kibanda cha kutengenezea simu. Makorongo wamehamia kwenye nguzo. Maalim naye ametangulia mbele ya haki. Jirani na afande wake walistaafu wakarudi kaskazini. Hakuna tena mtu wa kumsahihisha mtu. Watoto wangu wanasema "mahali yangu" mchana kutwa nami nawapa vitumbua vyao. Hayo yote ni dunia, huja na huenda, na shule nayo ningeweza kuisamehe, kwa sababu wengi hawakusoma na wanaishi.

Ninachokidai ni kile kimya. Kile nilikipata mwenyewe, kwa siku zangu na njaa yangu, na kilikuwa kweli. Wao walikaa nje yake, kwenye mkeka, wakakitumia. Nasali sala zangu tano, siachi. Lakini nikishatoa salamu nakunja mkeka upesi, naanza kuita watoto, nafungua bomba, nafanya kelele yoyote, lisije likapenya neno.

Juzi binti yangu mkubwa alikuja kukaa nami jikoni. Ana jambo lake zito, ana umri ule ule niliokuwa nao. Alinisaidia kuchagua mchele, kisha akaniuliza, "Mama, wewe ulishawahi uliza Mungu kitu kubwa?"

Nikamwambia ndiyo, nilimuuliza.

"Akakujibu nini?"

Nilitafuta jibu la kumpa mtoto, nikakosa, nikampa la kweli. "Sijui, mwanangu," nikasema. "Kuna mtu alimtangulia kujibu."